Maneno Sitini na Mawili ya Nemani

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu toka unywele hadi ukucha. Sikutia chumvi, sikupunguza pilipili. Kama kuna neno moja la uongo humu ndani, basi radi na ipige, ila ipige kule mtoni ambako hakuna mtu.

Palikuwa na kijana wa kwetu Vunisoko aitwaye Nemani Tuikoro, mcheza raga. Mbio zake hazisimuliki, lakini nitazisimulia. Akiwa na miaka kumi na sita alimkimbiza nguruwe mwitu kutoka shamba la magimbi la mama yake mpaka barabara kuu, na walipofika lami nguruwe akakaa chini, akaomba maji. Kijana mwenye miguu ya namna hiyo hakai kijijini. Wakaja watu wa Australia, wakamchukua, wakampeleka Brisbane kuchezea klabu ya Pelikani. Huko akapata jina, akapata nyumba yenye lango linalojifungua lenyewe, akapata na tangazo la maziwa. Kila basi la mji ule lilikuwa na picha yake ubavuni, amebeba mtoto wa kuazima, na chini yake maandishi makubwa: FAMILIA KWANZA.

Na hapo kwenye familia ndipo palipokuwa na shida.

Ng'ambo ya mto wetu kuna kijiji cha Nadrala, na Nadrala kulikuwa na Ulamila, muuguzi wa zahanati, msichana wa kucheka kwa sauti. Yeye na Nemani walipendana msimu mzima wa mvua. Nemani akapanda ndege. Miezi miwili baadaye Ulamila akamwandikia barua kumwambia ana mimba. Alipojifungua akaandika ya pili, kurasa saba, akieleza kila kitu tangu uchungu ulipoanza mpaka mtoto alipopewa jina, Sereima. Nemani akajibu kwa pesa. Kila mwezi, tarehe ileile, kupitia kwa binamu yake wa Suva. Pesa zilifika, lakini neno, hata moja, halikufika. Ikapita miaka mitatu kasoro miezi mitatu.

Ndipo mwandishi mmoja wa gazeti la Brisbane akapanda milimani kwetu kutafuta habari za utoto wa shujaa. Akavuka mto kwa bahati mbaya, akamkuta Sereima anakula muhogo mlangoni kwa bibi yake. Mtoto yule ana masikio ya Nemani. Sisemi yanafanana na ya Nemani, nasema ni yaleyale, kama vile baba aliyavua akamwachia. Mwandishi akapiga picha. Kesho yake gazeti likaiweka kando ya tangazo la maziwa, halikuandika hata maelezo. Saa sita mchana mji mzima ulikuwa unahesabu masikio. Saa kumi kampuni ya maziwa ilikuwa inabandua picha kwenye mabasi.

Klabu ilikuwa na mtu wake wa siku kama hizo, afisa uhusiano, Bronwyn Tulloch. Mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye simu mbili. Moja ya habari njema, nyingine ya habari mbaya, na ile ya habari njema ilikuwa haijalia tangu Pasaka. Siku iliyofuata akamwita Nemani ofisini.

"Keti. Umekula?"

"Bado."

"Vizuri, usile. Uso uliokonda kidogo unasaidia."

Akamsogezea karatasi. "Hili ndilo tamko lako. Maneno sitini na mawili. Nimeyahesabu mwenyewe. Yakizidi hapo watu wanaanza kusikiliza."

Nemani akasoma. Karatasi ilisema kwamba katika kipindi hiki kigumu alikuwa anaomba faragha ya wahusika wote iheshimiwe. Kwamba yapo maamuzi ambayo, akitazama nyuma, yangeweza kufanyika kwa namna tofauti. Kwamba aliwashukuru mashabiki na wadhamini kwa uvumilivu wao. Akaigeuza karatasi kuangalia kama kuna kitu nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Jina la mtoto liko wapi?"

"Jina hatutaji. Wanasheria wamekataa."

"La mama yake?"

"Nalo vilevile."

"Sasa namwomba radhi nani?"

"Umma."

"Umma ndiyo nani?"

"Watu wote, Nemani."

"Watu wote sijawakosea, Bronwyn. Nimewakosea kama wanane hivi."

Bronwyn akamtazama, akaandika kitu, akakifuta. "Vaa sweta ya kijivu," akasema. "Kamera iko tayari."

Wakarekodi. Mara ya kwanza alionekana na hasira. Mara ya tatu alionekana na usingizi. "Sikitika, lakini usilie," Bronwyn alimfundisha. "Ukilia sana, wadhamini wanaogopa. Usipolia kabisa, wanaogopa zaidi. Jicho moja liloe, basi." Na Nemani, aliyeweza kupenya katikati ya majitu manne yenye kilo mia mia, hakuweza kuloanisha jicho moja. Yaliloa yote mawili au hayakuloa kabisa. Mara ya kumi na moja Bronwyn akasema, "Hiyo hiyo. Inatoka saa kumi na mbili jioni."

Saa tisa simu ikalia. Ilikuwa mama yake, Akeneta, anapiga kutoka Vunisoko, amesimama juu ya jiwe lile moja ambako mtandao unapatikana.

"Nasikia jioni unaiomba radhi televisheni."

"Ndio utaratibu wa huku, Mama."

"Televisheni uliifanya nini? Hebu nisikilize, Nemani. Nimevuka mto mara mbili kwenda Nadrala na magimbi yangu na samaki wa nazi. Mara mbili wameyapokelea mlangoni, wakanishukuru kwa adabu, wakanirudisha. Mjukuu wangu namwona kwa mbali kama meli. Na wana haki, maana hakuna jino lililopelekwa. Jino hupelekwa na aliyekosa. Mimi sikumpa mtu mimba."

"Mama!"

"Nini? Nimesema uongo?"

Nemani alijua jino analosema mama yake. Kwetu kosa kama lile halifutwi kwa kusema. Unachukua jino la nyangumi, lile la njano lililosuguliwa mafuta mpaka linang'aa, unakwenda na ukoo wako, mnakaa chini kwenye mikeka ya watu mliowakosea, msemaji wenu anasema. Wakilipokea, kosa limezikwa, na hakuna atakayelifukua, si wao, si wajukuu wao. Wakiliacha pale mkekani, mnaondoka nalo, na uwanja ule hamkanyagi tena. Nemani aliweza kucheza mbele ya watu elfu hamsini bila moyo kwenda mbio. Kuingia nyumba ile moja ya Nadrala ndiko alikokuwa akikukimbia miaka mitatu.

"Mama," akasema, "wakilikataa?"

"Utakuwa umekataliwa na watu, mwanangu. Sasa hivi hujakataliwa wala hujakubaliwa. Upo upo tu."

Akarudi kwa Bronwyn. Akamwambia ile rekodi isitoke, anakwenda nyumbani. Simu zote mbili zikaanza kulia kwa pamoja, hata ile ya habari njema, iliyokuwa imepigwa kwa makosa.

"Unajua ukienda bila kamera ni sawa na kutokwenda?" Bronwyn akamuuliza.

"Sawa kwa nani?"

Bronwyn akazilaza simu kifudifudi, akavuta kabati, akatoa kofia ya jua. "Ndege ni saa ngapi? Waandishi watakufuata mpaka huko, na wewe hujui kuwazuia."

Na kweli walimfuata, wanne. Bronwyn aliwasubiri palepale kivukoni, amefunga sulu ya kuazima, ile shuka yetu ya kiunoni, juu ya suruali, akawajibu maswali yao saa tatu mfululizo bila kusema neno lolote lenye maana. Ufundi huo! Alipomaliza, wawili walikuwa wamesahau walichokuja kutafuta na mmoja alikuwa anaulizia bei ya kiwanja. Hakuna hata mmoja aliyevuka. Mpaka leo Vunisoko tukimkumbuka mama yule tunamwombea kanisani kwa jina, ingawa jina lenyewe mchungaji wetu hajaliweza.

Basi wakavuka mto kwa chelezo cha mianzi: Nemani, mama yake Akeneta, wajomba wawili, na msemaji wa ukoo, mzee Apisai. Huyu Apisai inafaa nimweleze kidogo. Ni mtu wa busara, mwenye sauti kama kinanda cha kanisani na sura ambayo, akina mama wanasema, uzee umeiogopa. Kwenye chelezo aliwaonya wenzake vikali:

"Leo ndimi tuzifunge. Wakitutukana, tunameza."

Onyo hilo lilikuwa na sababu. Nadrala na Vunisoko ni watani tangu enzi za mizimu. Mtu wa Nadrala akikuta nguruwe wangu njiani anamchinja, na mimi nacheka; nami nikimkuta ana shati jipya namvua. Matusi yetu hayana mwisho na hayana kinyongo. Lakini siku ya kupeleka jino utani unakatazwa kwa mwenye kosa. Mkosewa anaweza kutania apendavyo. Aliyekosa anainamisha kichwa.

Wanawake wa Nadrala walikuwa wamejipanga ukingoni kama jopo la waamuzi.

"Ndiye huyu? Mbona tuliambiwa ana mbio?"

"Mbio gani, dada! Kutoka Brisbane hadi hapa amechukua miaka mitatu."

"Labda alikuja kwa kuruka kwa mguu mmoja!"

Nemani akameza. Wajomba wakameza. Wakapandishwa mpaka nyumba ya Laisiasa, baba mkubwa wa Ulamila, mwenye kauli pale, wakakaa upande wa chini. Mbele, nyuma ya bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, alikaa Laisiasa, uso kama ukuta. Kando yake bibi Vasemaca, na majirani. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Ulamila, na magotini mwa jirani yake Kelera mtoto mwenye masikio. Nemani alimwona mtoto mara moja, akainamisha kichwa, maana kwa desturi mwenye kosa haangalii watu wala hasemi. Maneno yote anayo msemaji.

Na msemaji akasema! Mzee Apisai alilishika jino kwa mikono miwili, akaanza kwa sauti ya chini, akapanda. Alipofika kwenye jina la mtoto, masufuria jikoni yaliacha kuchemka ili yasikie. Mbwa walilala wakaweka miguu juu ya macho. Bibi Vasemaca alilia mpaka mkeka ukaloa, ukaanikwa siku mbili. Hotuba haijafika nusu, Laisiasa mwenyewe akaruka, akalipokea jino kwa machozi, akisema tangu azaliwe hajapata kusikia...

"Muongo!"

Sauti ilitoka mlangoni kwangu, hapohapo nilipokuwa nasimulia. Tulikuwa kumi na wawili tumekaa nyumbani kwangu Vunisoko, mchana, mvua inanyesha, bakuli katikati, na hadithi imeniingia vizuri. Sikumwona Ulamila akiingia. Alikuwa amesimama na mwavuli unaochuruzika maji, Sereima kiunoni, na nyuma yake Akeneta anayekuja kila Ijumaa kumchukua mjukuu.

"Endelea, babu Apisai," Ulamila akasema. "Laisiasa akaruka. Akaruka kimo gani?"

Basi imejulikana. Yule mzee mwenye sauti ya kinanda ni mimi.

"Mwanangu," nikasema, "hadithi ina mahitaji yake."

"Na onyo la kwenye chelezo?" Akeneta akaingilia. "Nani alimwonya nani? Mimi ndiye niliyekuonya wewe. Mara nne."

"Mara tatu."

"Nne! Ya nne nilikufinya."

Watu wakacheka hadi kava ikamwagika. Ulamila akakaa, akamweka mtoto mapajani. "Waambie Laisiasa alisema nini ulipoliweka jino mbele yake."

Ikabidi niseme. Laisiasa alilitazama jino, akasema taratibu: tumemngoja kijana huyu siku nyingi, tulidhani labda amefungwa kamba miguuni.

"Na wewe ulitakiwa ufanye nini?"

"Niinamishe kichwa."

"Ukafanya nini?"

"Nikakiinamisha. Kidogo."

"Ukasema nini?"

Nilitazama paa. Paa halikunisaidia. "Nikasema: hakufungwa kamba, mtani. Alisikia harufu ya mchuzi wa Nadrala, akapotea njia."

Sikukusudia. Miaka sitini nimewajibu watu wale, ulimi ukatoka wenyewe kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Siku nyingine yoyote Laisiasa angeanguka chini kwa kicheko, akanirudishia kubwa zaidi. Siku ile hakucheka. Akeneta alijifunika uso kwa upepeo. Laisiasa akanyoosha mkono, akalisukuma jino kwa mgongo wa vidole, likateleza kurudi kwetu kiasi cha shubiri moja.

"Mmekuja kucheza," akasema.

Na mimi, msemaji, maneno yangu yote yaliruka kama njiwa waliorushiwa jiwe. Sikubaki na hata moja.

"Ndipo Nemani akasema," Ulamila akaendelea, na sasa hakuna aliyecheka. "Alikuwa bado ameinama, anauambia mkeka. Nilidhani atatusomea yale maneno sitini na mawili ya wazungu wake. Nilishajiandaa kutoka nje. Wala hakuomba radhi. Alisema asante."

"Asante nani?" akauliza mmoja wa wageni wangu, ambaye siku ile hakuwapo.

"Alisema: Asante Sakiusa, uliyemvusha Ulamila mto umejaa, ukashika chelezo kwa mkono mmoja. Asante bibi Vasemaca, uliyemkanda mgongo tangu asubuhi na baridi yabisi yako mikononi. Asante Kelera, uliyemnyonyesha binti yangu siku nne mama yake alipokuwa na homa, na wako mwenyewe anasubiri. Asante baba Laisiasa, uliyeng'oa mbao za baraza yako ukampatia kitanda. Na wengine, na wengine, kwa majina, kwa mpangilio. Kila aliyetajwa alikuwa anainua kichwa kama ameitwa shuleni."

"Aliyajuaje?"

"Nilimwandikia mimi. Barua ya pili, kurasa saba. Miaka mitatu niliamini hakuifungua, alituma pesa tu. Kumbe alikuwa nayo kichwani neno kwa neno. Alituambia aliisoma chooni kwenye uwanja wa mazoezi, akaogopa, na kila mwezi alipotaka kujibu akaona aibu imekua, akatuma pesa. Basi. Akafika mwisho, akasema 'Na Ulamila,' akakwama hapo. Mimi nikamwambia baba mkubwa, lichukue. Mtu alisoma barua."

"Na Laisiasa hakuruka," Akeneta akaongeza, akinikodolea macho.

"Hakuruka," nikakiri.

Aliunyoosha mkono wake mbele polepole, kama mzee anayetafuta miwani gizani, akalishika jino, akalivuta kwake. Makofi yakapigwa, yale mazito ya viganja. Kelera akainuka, akapita katikati ya watu wote, akamshusha Sereima mapajani mwa baba yake kama mtu anayekabidhi mtungi uliojaa. Mtoto akamkagua Nemani toka juu hadi chini, akamuuliza kama amekuja na biskuti.

Hakuwa nazo.

"Kosa la pili!" akapiga kelele bibi Vasemaca, na hapo ndipo nyumba ikapasuka kwa kicheko, watani wakarudi kuwa watani, na mimi nikaruhusiwa kupumua. Akeneta alimshika mjukuu wake siku hiyo kwa mara ya kwanza, akakataa kula kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Kule Brisbane, Bronwyn alitoa tamko la maneno matatu: Nemani amekwenda nyumbani. Watu wa maziwa hawakumrudisha kwenye mabasi. Amecheza misimu miwili zaidi, bila tangazo, na kila mapumziko anashuka hapa na biskuti za kutosha duka. Ndoa? Ulamila anasema hawezi kuharakishwa na mtu wa aina ile, lakini nimeona mikeka inasukwa Nadrala, na haisukwi kwa ajili yangu.

"Haya, babu," Ulamila akasema. "Jino lilipokelewa kwa kazi ya Nemani, sifa umejivika wewe. Faini."

"Faini gani? Sisi ni watani."

"Hiyo ndiyo maana. Kwa hotuba ya uongo, kifungu cha mizizi ya kava, ya miaka mitano, siyo yale makapi unayowapa wageni. Kwa mchuzi wetu, kuku."

Niliwatazama watu wangu wa Vunisoko wanitetee. Walikuwa wanachagua kuku.

Sikubisha sana, na hilo ni kweli, waulizeni. Siku ile ulimi wangu nusura uwanyime Nemani na Akeneta mtoto, na mtoto baba, na kijana mmoja akaja akaukamata mpira niliouangusha. Miaka miwili imepita na hakuna mtu wa Nadrala aliyenilaumu. Wananicheka tu, na kuchekwa na watu wanaokupenda, jamani, ni jambo la kushukuru. Nikaenda nyuma, Sereima akinifuata kuhakikisha. Nikamkamata kuku mwekundu. Nikateremsha mizizi ya kava kutoka darini, nikaifunga kwa kamba, nikaibeba, nikaileta mpaka mkekani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikamwambia Ulamila asante, na asante ile haikuwa na chumvi.

Ulikuwapo mzizi mmoja mkubwa, mnene kama paja, niliouacha kule juu chini ya gunia. Akeneta akakohoa.

Nikarudi, nikauleta nao.